Uzi: "Mwalimu, kama ni aleli dhaifu, mbona ilimmaliza mdogo wangu?"

#1 Mwalimu_Katuba

Jambo yenu wote. Nafundisha biolojia hapa Lubumbashi, wa tano na wa sita biyoshimi (tawi la biolojia na kemia). Wiki mbili zilizopita darasani kulitokea jambo ambalo halijanitoka kichwani, nimeona nilimwage hapa.

Nilikuwa kwenye somo la urithi. Nikaandika ubaoni sentensi ambayo mwalimu wangu aliniandikia, na yeye bila shaka aliandikiwa na wake: aleli tawala ina nguvu, aleli fiche ni dhaifu, zikikutana yenye nguvu inashinda. Watoto wakanakili. Nikatoa mfano wa drepano, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa kuwa hakuna nyumba hapa isiyoijua: A ni tawala, S ni fiche. Binti mmoja wa benchi la nyuma, ambaye kumsikia sauti ni bahati, akainua mkono. "Mwalimu, kama S ni dhaifu, mbona ilimmaliza mdogo wangu?"

Darasa likanyamaza. Nilikuwa na chaki mkononi na jibu sina. Nikasema tutaendelea kesho, nikatoka kengele haijalia. Miaka 11 nafundisha somo hilo.

Usiku nikakaa na daftari langu na kuona kosa liko wapi. Liko kwenye neno lenyewe. Tukisikia "tawala" tunafikiria utawala tunaoujua sisi: mkubwa anakaa kitini, mdogo anapisha. Ndani ya chembe hakuna kiti wala anayepisha.

Ukweli wenyewe ni huu. Kila mtu ana nakala mbili za maelekezo ya kutengeneza himoglobini, ile nyekundu inayobeba oksijeni. Moja alipewa na mama, moja na baba. Maelekezo hayo ndiyo jeni, na hii moja inakaa kwenye kromosomu ya 11. Jeni moja inaweza kuwa na matoleo tofauti, na matoleo hayo ndiyo tunayaita aleli. A ni toleo la kawaida. S inatofautiana nalo kwa herufi moja tu ya DNA: kwenye mnyororo wa beta, nafasi ya 6, palipotakiwa asidi ya glutamiki inakaa valini. Basi. Himoglobini ya namna hiyo ikishaachia oksijeni yake, molekuli zinanatana, zinajipanga kama vijiti virefu ndani ya chembe, na chembe iliyokuwa laini inajikunja kama mundu. Inakwama kwenye mishipa midogo, hapo ndipo mtoto analia usiku kucha akishika miguu. Tena haidumu. Chembe nyekundu ya kawaida inaishi siku 120 hivi, ya mwenye S mbili, yaani SS, siku 10 hadi 20. Damu inaisha upesi kuliko mwili unavyowahi kuitengeneza.

Sasa mtazame mwenye AS, yaani A moja na S moja. Tulimfundisha mtoto kwamba S yake "imeshindwa". Haikushindwa! Iko kazini usiku na mchana. Kila chembe nyekundu ya mtu wa AS ina himoglobini za aina zote mbili, na ya S inafika karibu asilimia 40. Ila A iliyochanganyika nayo inatosha kuvizuia vile vijiti visijengeke katika maisha ya kila siku. Ndiyo maana mtu wa AS anacheza mpira, anabeba saruji, anazeeka, na huenda asijue kamwe.

Kwa hiyo "fiche" ina maana moja tu: nakala moja peke yake haitoshi kuonekana nje. Haisemi kama kitu kina nguvu au hakina.

Siku ya pili niliingia darasani na maharagwe. Nilinunua soko la Kenya (commune yetu hapa, si nchi, jirani zetu msichanganyikiwe) kopo la meupe na kopo la mekundu. Nikaweka vikombe viwili mezani, kimoja "baba", kingine "mama", ndani ya kila kimoja harage moja jekundu na moja jeupe. Mtoto anafumba macho, anachukua moja huku na moja huku, tunaandika ubaoni, anarudisha. Mara 40. Weupe wawili, yaani SS, walitoka mara 13. Kwa hesabu tulitegemea 10. Kuna mvulana alitoa nyeupe-nyeupe mara tatu mfululizo, na wenzake wakaanza kusema vikombe vimerogwa.

Yule binti hakucheka. Nitarudi kwake baadaye. Kwanza naomba mawazo yenu, hasa mliopitia.

#2 Kamalondo_Moja

Nakaa hapa mbele kabisa. Endeleeni.

#3 Mbeya_Juu

Shikamoo mwalimu. Hiyo drepano ndiyo sisi huku Tanzania tunaita selimundu, au sikoseli kwa wa mjini. Nimeelewa leo kwa mara ya kwanza na nilipata B ya biolojia.

#4 Mama_wa_Watatu

Mwalimu, asante. Naandika kwa simu ya dada yangu, mnivumilie makosa.

Nina watoto watatu. Wa kwanza mzima kabisa, ana miaka 12. Wa pili SS, wa tatu SS. Kwa bukwe wanasema kwao hakujawahi kuwa na ugonjwa huu toka enzi za babu, kwa hiyo nimeuleta mimi. Mama mkwe aliniambia mbele ya watu: "Damu yako ni chafu." Nilipimwa, nikaambiwa AS. Mume wangu alikataa kupimwa, anasema yeye mzima, apimwe nini. Swali langu ni moja. Inawezekana ni mimi peke yangu?

#5 Mwalimu_Katuba

Mama, jambo. Hapana. Haiwezekani.

Mtoto wa SS ana S mbili. Wewe kwa kila mtoto ulikuwa na uwezo wa kumpa moja tu, kwa sababu kila mzazi anatoa nakala moja. Ile ya pili ilitoka upande wa pili. Hata asipopimwa, wale watoto wawili ni karatasi yake ya labo. Mume wako ana S, na kwa kuwa ni mzima mwenye nguvu zake, bila shaka ni AS kama wewe.

Na kuhusu "kwao haujawahi kuwepo": ugonjwa haujawahi kuonekana, sawa, nakubali. Lakini S inaweza kupita kwa babu, kwa baba, kwa mwana, miaka 100, bila mtu kuugua, ilimradi kila mmoja ameoa mwenye AA. Siku anapooa mwenye AS kama yeye, ndipo inaonekana, na anayelaumiwa ni aliyefika nyumbani mwisho.

#6 Bwana_Maswali

Au baba ni mwingine, mama usinichukie 😂

#7 Labo_Kampemba

Wewe namba 6, huyu mama ana wagonjwa wawili nyumbani. Kama huna cha kusema, soma kimya.

Nafanya kazi labo, naomba niongeze ambayo mwalimu hawezi kuyaona akiwa ubaoni.

Watu wengi hapa mjini wanakuja na karatasi ya "Emmel" wakidhani wamemaliza. Kipimo cha Emmel tunaweka tone la damu kwenye kioo, tunalifunika na kuliziba ili oksijeni iishe, halafu tunatazama kwa darubini kama chembe zimekunjika. Zikikunjika, S ipo. Nusu ya jibu ndiyo hiyo. Hakikuambii kama ni AS au SS! Nimeona vijana wawili wamevunja uchumba kwa Emmel "positif" ya mmoja wao, kumbe kijana ni AS na msichana baadaye alitoka AA kwa elektroforezi. Wangeweza kuzaa kumi bila hata mmoja kuugua.

Elektroforezi ndiyo inayotenganisha. Himoglobini inapitishwa kwenye umeme, A inakimbia kwa mwendo wake, S inabaki nyuma kidogo kwa sababu ile valini ilimwondolea chaji. Wa AA ana mstari mmoja, wa SS mmoja mahali pengine (na kidogo cha himoglobini F, ya tumboni), wa AS ana miwili. Mwalimu, waambie wanafunzi wako: kwenye karatasi yetu hakuna tawala wala fiche. Zote mbili ziko pale zinakutazama.

Mambo mawili ambayo yanatupotosha kila mwezi. Mtoto mchanga bado ana himoglobini F nyingi, ya tumboni, kwa hiyo Emmel ya mtoto wa miezi miwili ikitoka "negatif" msifanye sherehe. Na mtoto aliyetoka kuongezewa damu: mnanipimisha damu ya aliyejitolea. Subirini miezi mitatu hivi.

#8 Mama_wa_Watatu

Asanteni. Nimemsomea dada yangu kwa sauti mara mbili. Nitamsomea na baba yao, nikipata siku yenye amani.

#9 Kuku_Ruashi

Mwalimu, mimi sijui damu, najua kuku. Nafuga kienyeji huku Ruashi. Nilinunua jogoo kishingo, yule wa shingo tupu bila manyoya, nikamweka na matetea yangu ya kawaida. Vifaranga wote wakatoka kishingo! Nikafurahi, nikamuuza kwa harusi. Nikanunua jogoo kishingo mwingine kwa jirani, matetea ni yale yale, safari hii nusu wakatoka kishingo, nusu shingo zina manyoya kama mama zao. Nilidhani jirani amenipiga. Ni nini hii?

#10 Mwalimu_Katuba

Kaka, swali lako limenifurahisha kuliko yote, maana nawe umefanya kazi ya mtawa Mendel, yule aliyezigundua sheria za urithi, bila kujua.

Kishingo ni aleli tawala. Jogoo wako wa kwanza alikuwa na nakala mbili za kishingo. Kila kifaranga alipata moja kutoka kwake, hakuna namna ya kukosa. Jogoo wa pili alikuwa na moja tu, nyingine ni ya kawaida. Anatupa sarafu: nusu wanapata, nusu hawapati. Jirani hakukupiga.

Lakini subiri. Kesho asubuhi mkamate mmoja wa vishingo ulionao sasa, mtazame chini ya shingo, kwa mbele, karibu na kifua. Nina hakika utakuta fungu dogo la manyoya, kama tai ya bwana harusi.

#11 Kuku_Ruashi

Nimetoka kutazama kwa tochi. Wote wanayo!! Yule jogoo wa kwanza hakuwa nayo, alikuwa mtupu kabisa hadi kifuani, nakumbuka tulikuwa tunamwita Muzee.

#12 Mwalimu_Katuba

Sawasawa. Wenye nakala moja wanabaki na ile tai, wenye mbili wanakuwa watupu na hata mwilini manyoya yamepungua zaidi. Kwa hiyo hata "tawala" hii haitawali yote. Nakala moja inafanya kazi fulani, mbili zinafanya zaidi. Ukiangalia kwa mbali utasema kishingo ni kishingo. Ukisogea na tochi unaona madaraja matatu. Na ukitaka jogoo atakayetoa vishingo bila kukosa, nunua asiye na tai.

Mwingereza William Bateson ndiye aliyeonyesha mwaka 1902 kwamba sheria za Mendel zinafuatwa hata kwa wanyama, na alitumia nini? Vilemba vya kuku.

#13 Finaliste2

Mwalimu mimi ninaandaa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Nisaidie: lini tunasema 3 kwa 1 na lini 1 kwa 2 kwa 1? Halafu kwenye kitabu changu kuna "kukunja ulimi" kama mfano wa sifa tawala. Baba na mama hawakunji, mimi nakunja. Ndiyo nini sasa 😭

#14 Mwalimu_Katuba

Mdogo wangu, tulia, wewe ni mtoto wa nyumbani.

Kukunja ulimi tuliambiwa ni jeni moja kwa sababu Alfred Sturtevant aliandika hivyo mwaka 1940. Mwaka 1952 mtu mwingine akatazama mapacha wanaofanana kabisa, wenye jeni zile zile, akakuta kuna jozi ambazo mmoja anakunja na mwenzake hakunji. Ikaanguka. Sturtevant mwenyewe alikubali. Vitabu vyetu havijapata habari. Ndewe za sikio nazo hivyo hivyo, si jeni moja. Urefu na weusi wa ngozi ndiyo usiseme, huko jeni ziko nyingi na kila moja inaongeza kidogo. Ukiulizwa kwenye mtihani, jibu wanavyotaka, lakini usivunje ndoa ya mtu kwa ajili ya ulimi.

Hesabu zako: 1 kwa 2 kwa 1 ni hesabu ya kilichomo ndani, AA, AS, AS, SS. 3 kwa 1 ni hesabu ya kinachoonekana nje. Maharagwe yangu ni yale yale, unachobadilisha ni unahesabu nini.

Mendel alikuwa mtawa kule Brno, Ulaya. Kati ya 1856 na 1863 alipanda njegere bustanini, akazihesabu punje moja moja kama muuza duka. Alipozalisha za mviringo na za mikunjo, kizazi cha kwanza zote zikatoka mviringo. Mikunjo ikatoweka. Wangapi wangefunga daftari hapo? Akazipanda tena, zijichavushe zenyewe, akahesabu punje 7,324: 5,474 za mviringo, 1,850 za mikunjo. Igawe uone. Mikunjo ilirudi kama ilivyokuwa, haikupauka, haikuwa nusu mikunjo. Alichapisha 1866, hakuna aliyemjali, akafa 1884, wakamfufua mwaka 1900.

Na jambo moja wanalokupa mtego kwenye mtihani: tawala si sawa na "nyingi". Kundi la damu O ni fiche, lakini tazama foleni ya watoa damu uone O wako wangapi. Kidole cha sita mara nyingi ni tawala, na watu wa vidole sita unawahesabu kwa, haya, kwa vidole. Wingi unategemea aleli ngapi ziko kijijini, hautegemei inavyojionyesha.

#15 Mutoto_ya_Ruashi

Jambo mwalimu. Miye minauliza kintu kimoja. Juu ya nini huku kwetu drepano iko mingi vile, na kwa Bazungu haiko? Bengine banasema ni bulozi, bengine banasema ni chakula. Sema kweli.

#16 Stajiere_Lubum

Mwalimu naomba nijibu hili, niko mwaka wa mwisho wa udaktari.

Jibu ni mbu. Mtu wa AS akiumwa na mbu wa malaria, anaweza kupata malaria, lakini ile kali ya kuua mtoto inampata kwa nadra zaidi kuliko wa AA. Anthony Allison alilionyesha hilo mwaka 1954 akifanya kazi Afrika Mashariki. Sasa fikiria kijiji cha zamani, hakuna dawa. Watoto wa AA wengine wanaondoka na malaria. Wa SS wanaondoka na drepano. Wa AS wanabaki, wanakua, wanazaa, na kila anayezaa anapitisha S. Miaka maelfu hivyo. Ndiyo maana ramani ya S inafanana na ramani ya malaria. Hata kwa Bazungu iko: Ugiriki, kusini mwa Italia. Iko Uarabuni, iko India. Popote malaria ilipokaa sana.

Kwa hiyo ile "dhaifu" ndiyo iliyowabeba babu zetu wengine mpaka tukazaliwa sisi.

Ila tafadhali, msichanganye. Kinga ni ya AS. Mtoto wa SS akipata malaria ni hatari kubwa, inamkausha damu ambayo tayari ni chache. Neti, neti, neti.

Na ili msidhani habari hizi ni za mbali: mwaka 1949 aliyeandika kwamba mwenye ugonjwa ana S mbili na mzima anayeibeba ana moja ni Mmarekani Neel, na mwaka huo huo E. A. Beet, daktari aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, hiyo Zambia mnayovukia Kasumbalesa kwenda kuchukua unga.

#17 Mwana_wa_Luapula

Mimi nina shida na jambo moja. Sisi Babemba tunahesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa mama na wajomba, baba ni mgeni wa heshima. Rafiki zangu Baluba wao mtoto ni wa baba. Sasa mwalimu unasema nusu kwa nusu. Ina maana gani ukoo?

#18 Mwalimu_Katuba

Ukoo ni wa watu, endelea kuuhesabu kama wazee walivyokupa, unajua nani atakuzika na nani atakudai mahari. Chembe haijui Mubemba wala Muluba. Inachukua kromosomu 23 huku na 23 huku. Ila nimeona vizuri jinsi lawama inavyofuata ukoo: panapohesabiwa kwa baba, "damu mbaya" inaletwa na mke. Panapohesabiwa kwa mama, imeletwa na mwanaume mgeni. Anayelaumiwa siku zote ni yule asiye na wajomba karibu.

#19 Fiance_AS

Nimesoma yote toka juu. Mimi AS, mchumba wangu AS, elektroforezi zote mbili, tumezirudia. Mahari imeshaanza kutolewa. Paroko ameona karatasi akatuambia tukafikiri. Familia yangu wanasema "Mungu hawezi kuwapa wote". Mjomba anasema tukizaa mmoja mgonjwa wa kwanza basi deni limelipwa, watatu wanaofuata wazima. Ni kweli?

#20 Mwalimu_Katuba

Ndugu, mjomba wako anakosea, na ni kosa la hatari, kwa sababu linavaa nguo za hesabu.

Moja kati ya nne si foleni. Vikombe havikumbuki. Kila mimba mnaanza upya: robo AA, nusu AS, robo SS. Aliyetangulia hakumlipia anayefuata. Yule mwanafunzi wangu aliyetoa nyeupe-nyeupe mara tatu, mara ya nne nafasi yake ilikuwa ile ile robo.

Mkizaa wanne, uwezekano wa kutokuwa na SS hata mmoja ni 81 kati ya 256, kama mara moja katika tatu. Kwa hiyo mara mbili katika tatu, familia kama yenu yenye watoto wanne inakuwa na angalau mmoja. Sikuambii muachane, sina mamlaka hayo na sikujui. Nakuambia usioe kwa hesabu ya mjomba.

#21 Stajiere_Lubum

Kuongezea hapo: mkiamua kuoana, mtoto apimwe mapema, msingoje avimbe mikono. SS inayojulikana toka uchanga si sawa na SS inayogunduliwa wodini. Kuna penisilini kila siku mpaka miaka 5, chanjo, kinga ya malaria, asidi ya foliki. Na kuna hidroksiurea, inayoamsha tena ile himoglobini F ya utotoni ambayo haijikunji. Mwaka 2019 yalitoka majibu ya utafiti uliofanyika Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale, watoto 606 walitumia dawa hiyo: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, vifo vilipungua. Bei na kuipata ni mapambano mengine, sitadanganya.

#22 Fiance_AS

Asanteni. Tumesoma pamoja jana usiku kwa simu moja. Hakusema kitu, akaniuliza tu kama nina maharagwe nyumbani.

#23 Tantine_Bel_Air

Jamani na nsalu? Mimi mweusi, mume wangu mweusi ti, mtoto wetu wa pili ni albino. Ni hesabu hii hii?

#24 Mwalimu_Katuba

Hii hii, Tantine. Wote wawili mna nakala moja iliyofichika. Tofauti ni kwamba jeni zinazoweza kuleta ualbino ni zaidi ya moja, kwa hiyo wakikutana albino wawili wa jeni tofauti, watoto wao wanaweza kuwa weusi wote. Kila mmoja anatoa kile ambacho mwenzake amekosa.

Niliahidi kurudi kwa yule binti. Baada ya somo la maharagwe alibaki nyuma akinisaidia kuyaokota. Akaniuliza, bila kunitazama, yeye ni nini. Nikamchorea vyumba vinne kwenye vumbi la meza: AA, AS, AS, SS. Nikamwambia, wewe uko mzima na una miaka 17, kwa hiyo chumba cha SS tukifunge. Vimebaki vitatu, viwili kati yake ni AS. Akahesabu kwa kidole. Akasema: "Mara mbili kati ya tatu." Wengi hapa wanasema nusu. Yeye alipata mara ya kwanza.

Sentensi ya ubaoni nimeifuta kwenye daftari langu la maandalizi. Mahali pake sijapata sentensi fupi. Nimeandika "leta maharagwe".

#25 Mama_wa_Watatu

Mwalimu, na yule wa labo, nimerudi. Imepita wiki tatu.

Baba watoto alikwenda. Hakuniambia, nilikuta karatasi ndani ya koti lake nikitaka kulifua. AS. Niliirudisha mfukoni nikanyamaza. Jumapili alimpelekea mama yake mwenyewe. Leo mama mkwe amekuja, akakaa jikoni, jambo ambalo hafanyi, akachambua sombe pamoja na mimi. Muda mrefu. Mwisho akauliza: hiyo S ya mwanangu ilitoka kwangu au kwa marehemu baba yake?

Nilimwambia sijui. Anataka kupimwa. Ana miaka 71. Inawezekana kwa umri huo?

#26 Labo_Kampemba

Inawezekana, mama. Himoglobini haizeeki. Mwambie aje asubuhi, na anywe chai yake kwanza, kipimo hiki hakihitaji kufunga.